Radi ndani ya tanuru: kisa cha Birkeland, Eyde na mbolea ya hewani

Kati ya kila uniti 100 za umeme zilizoingia kwenye tanuru la Wanorwei Kristian Birkeland na Sam Eyde, chini ya 3 ndizo zilizobaki zimefungwa ndani ya gesi waliyoitaka, oksidi ya naitrojeni ya kutengenezea mbolea. Nyingine zote ziliishia kuwa joto na mwanga. Pamoja na hasara hiyo, mbinu yao ilifanya kazi kibiashara kwa zaidi ya miaka 20, ikazaa kampuni ya Norsk Hydro, na ikawa miongoni mwa mara za mwanzo kabisa ambapo plazma ya umeme (gesi iliyovunjwa hadi ikapitisha umeme) ilitolewa kwenye meza ya maabara ikafanywa kiwanda kizito cha kemikali.

Kwamba hatimaye ilishindwa na mbinu ya Haber na Bosch, inayounganisha naitrojeni na hidrojeni kuwa amonia, ni jambo linalojulikana. Ninachokichambua hapa ni kilichoiweka hai muda wote huo, na kama ugonjwa wake ulikuwa kwenye mashine au kwenye fizikia yenyewe. Nashika upande wa fizikia, na hesabu ya kuthibitisha hilo ni fupi kuliko watu wanavyodhani.

Haja

Mwaka 1898, mjini Bristol, William Crookes aliwaonya wanasayansi wenzake wa Uingereza kwamba ngano ingekuja kupungua. Mashamba ya Ulaya yalikuwa yanategemea shura inayochimbwa jangwani Chile, na machimbo yoyote yana mwisho. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa imewazunguka wasikilizaji wake pande zote: asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni.

Shida ni kwamba naitrojeni ya hewani haiguswi kirahisi. Molekuli yake ni atomi mbili zilizoshikana kwa kifungo cha mara tatu, na kukivunja kunahitaji kilojuli 945 kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia molekuli). Radi hukivunja. Henry Cavendish alikuwa ameshaonyesha katika miaka ya 1780 kwamba cheche zikipigwa mfululizo ndani ya hewa iliyofungiwa juu ya maji yenye alkali, hewa hupungua na maji hubaki na nitrati. (Kwenye jaribio lake palibaki kipovu kidogo cha gesi kilichokataa kabisa kuungana na chochote. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja hadi Rayleigh na Ramsay walipokitambua kuwa ni argoni, mwaka 1894.) Kwa hiyo kemia ilikuwa inajulikana siku nyingi. Kilichokosekana ni mtambo.

Wamarekani Bradley na Lovejoy walijaribu kabla ya Wanorwei. Walijenga mtambo kwenye maporomoko ya Niagara mwaka 1902, ndani yake mkiwa na ngoma inayozunguka na kupiga maelfu ya tao fupi za umeme kila sekunde. Wazo lao lilikuwa la busara: tao fupi huwaka, huzimika, na gesi hupoa haraka. Lakini mashine yenye viungo vingi hivyo vinavyozunguka ndani ya gesi kali ilikuwa ghali na dhaifu, na kufikia 1904 mradi ulikuwa umesimama. Tuliweke akilini jaribio hili, kwa sababu wapo wanaosema siri yote ya Norway ilikuwa umeme nafuu wa maji. Niagara nako kulikuwa na umeme nafuu wa maji.

Shoti iliyozaa kiwanda

Birkeland hakuwa mkemia wala hakuwa mtu wa mbolea. Alikuwa profesa wa fizikia mjini Kristiania, ambao leo ni Oslo, na moyo wake wote ulikuwa kwenye mianga ya rangi inayocheza usiku kwenye anga la kaskazini. Mwaka 1896 alipendekeza kwamba mianga ile husababishwa na chembe zenye chaji zinazotoka kwenye jua na kuelekezwa na sumaku ya dunia. Ili kuionyesha hoja hiyo, aliweka tufe lenye sumaku ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, akapitisha mtoko wa umeme (umeme unaopita ndani ya gesi) humo ndani, na mwanga ukajipanga kama pete kuzunguka ncha za lile tufe. Utafiti wa aina hiyo, pamoja na safari za kwenda kaskazini kupima, ulikula fedha nyingi, naye akatafuta njia za kuzipata.

Njia mojawapo ilikuwa mzinga wa kurusha makombora kwa nguvu ya sumakuumeme. Aliupatia hataza na akaunda kampuni. Mwanzoni mwa 1903 alifanya onyesho mbele ya hadhara ili kuuza ile kampuni, na koili mojawapo ikapiga shoti. Pakatokea tao kubwa la umeme lenye kelele, moto na moshi, na biashara ya mizinga ikafia pale pale. Simulizi inayorudiwa kila mahali ni kwamba wiki moja baadaye, kwenye chakula cha jioni, alikutana na mhandisi Sam Eyde ambaye alikuwa akikusanya haki za maporomoko ya maji na kutafuta matumizi ya umeme wake. Eyde akasema anahitaji radi kubwa kuliko zote zinazoweza kushushwa duniani. Birkeland akajibu kwamba anayo.

Sina haja ya kuipinga simulizi hiyo, ila huwa inafunika jambo lenye uzito zaidi. Wahandisi wengi walikuwa wamewahi kuona shoti. Birkeland alikuwa na miaka kadhaa ya kuchezea mtoko wa umeme ndani ya uga sumaku, na alijua kwa mikono yake jinsi sumaku inavyoukunja na kuutandaza. Ajali ilimwonyesha hilo hilo kwenye hewa ya kawaida na kwa mkondo mkubwa.

Jinsi tao lilivyotandazwa

Hewa baridi haipitishi umeme. Kati ya sahani mbili za chuma, inahitaji takriban volti 3,000 kwa kila milimita moja ili isalimu amri. Ikishasalimu amri, elektroni chache zilizo huru hukimbizwa na uga wa umeme, hugonga molekuli, hutoa elektroni nyingine, nazo zikagonga nyingine. Mkondo ukiruhusiwa kukua bila kizuizi, gesi hupashika hadi kuwa tao: uzi mwembamba, mweupe, wenye joto la maelfu ya nyuzi.

Uzi huo ndio tatizo la kwanza. Ni mwembamba mno. Hewa inayopulizwa tanuruni itapita pembeni yake bila kuguswa. Ukiongeza mkondo, tao halinenepi vya kutosha, bali linayeyusha elektrodi.

Tatizo la pili ni tabia yake ya umeme. Kwenye waya wa kawaida, ukiongeza mkondo, volteji inapanda. Kwenye tao ni kinyume: mkondo ukizidi, gesi inazidi kuwa moto na kupitisha umeme vizuri, volteji inayohitajika inashuka, na mkondo unazidi tena. Ukiliunganisha moja kwa moja na jenereta, litakula kila kitu mpaka fyuzi ikatike. Dawa ni kuweka koili mfululizo na tao ili iupinge mkondo kila unapotaka kuruka. Mafundi wa taa za mirija wanaijua kazi hiyo kwa jina la choki. Gharama yake ni kwamba mkondo na volteji huachana mguu, na jenereta pamoja na nyaya lazima ziwe kubwa kuliko kazi halisi inayofanyika.

Birkeland alilitatua tatizo la kwanza kwa sumaku. Elektrodi zake zilikuwa mabomba mawili ya shaba yaliyopinda, yanayopozwa kwa maji yapitayo ndani, ncha zake zikiwa zimekaribiana sana. Umeme ulikuwa wa mkondo geu, volti 5,000 hivi. Ncha hizo zilikaa katikati ya sumakuumeme kubwa iliyolishwa mkondo mnyoofu, ili uga wake usibadilike. Tao likiwaka kati ya ncha, sumaku inalisukuma kando. Linanyooka na kukunjwa kama nusu duara, likizidi kurefuka huku miguu yake ikiteleza nyuma juu ya elektrodi, hadi urefu wake unapodai volteji ambayo chanzo hakiwezi kuitoa. Hapo linakatika, na jipya linawaka kwenye ncha zile zile. Mkondo unapogeuka, msukumo nao unageuka, na nusu duara ya pili inatandazwa upande wa pili. Haya yanatokea haraka kiasi kwamba jicho linaona duara kamili la moto lililosimama wima. Kwenye matanuru makubwa kipenyo chake kilifika karibu mita 2.

Chumba cha tanuru kilijengwa chembamba, kuta zake za matofali ya kuhimili moto zikiwa karibu na lile duara kwa pande zote mbili. Hewa iliingia kupitia matundu kwenye matofali na haikuwa na njia ila kukatiza kwenye moto. Tanuru la namna hiyo lilianza na kilowati chache maabarani na likafika kilowati maelfu viwandani, bila kiungo hata kimoja kinachozunguka. Linganisha na ile ngoma ya Niagara. Hapa ndipo nauona ustadi mkubwa kuliko wote kwenye kisa hiki: kazi iliyofanywa na mashine ya gia na brashi ilifanywa na uga sumaku usiochakaa.

Kilichotokea ndani ya gesi

Ndani ya duara la moto, oksijeni inavunjika kuwa atomi. Atomi ya oksijeni ikiigonga molekuli ya naitrojeni kwa nguvu ya kutosha, inanyakua atomi moja na kuunda oksidi ya naitrojeni, NO. Atomi ya naitrojeni iliyobaki mjane inaishambulia molekuli ya oksijeni, inaunda NO nyingine, na kuachia atomi ya oksijeni iendelee na kazi. Mnyororo huu unabeba jina la Yakov Zeldovich, aliyeufafanua miaka ya 1940 akichunguza mwako. Birkeland hakuujua kwa umbo hilo, lakini alijua matokeo yake: hewa ikiwa moto sana, NO inazaliwa.

Tatizo ni kwamba kila kinachozaliwa kwa joto kinaweza pia kuuawa na joto. Kwa kila kiwango cha joto kuna msawazo kati ya NO inayoundwa na inayovunjika. Kwenye nyuzi 3,000 hivi za Selsiasi, msawazo huo unaruhusu karibu asilimia 5 ya NO kwenye hewa. Ukishuka hadi chini ya nyuzi 2,000, unaruhusu chini ya asilimia 1. Gesi ikipoa polepole, NO nyingi inarudi kuwa naitrojeni na oksijeni kabla haijatoka, na umeme wote uliotumika unakuwa umeipasha hewa bure. Ikipozwa ghafla, mwendo wa kuvunjika unakwama na NO inasalimika. Duara la moto lilisaidia kwa kuwa jembamba: hewa inalivuka upesi na kukutana na hewa baridi zaidi upande wa pili. Hata hivyo gesi iliyotoka ilikuwa na NO asilimia 1 hadi 2 tu, na ilikuwa bado na joto la karibu nyuzi 1,000.

Asilimia hiyo ndogo ililipiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye umeme. Mara ya pili ni kwenye minara. Ili kupata asidi ya nitriki, NO lazima iungane na oksijeni kuwa NO₂, kisha iyeyushwe kwenye maji. Mwitikio wa kwanza ni wa ajabu kidogo, kwa kuwa unakwenda kasi zaidi kwenye ubaridi kuliko kwenye joto, na kasi yake inafuata mraba wa kiasi cha NO. Ukipunguza NO kwa nusu, kasi inashuka hadi robo. Gesi yenye NO asilimia 2 inahitaji basi vyumba vikubwa vya kungojea na minara mirefu ya kunyonya. Pale Norway minara ilijengwa kwa matale, ikajazwa mawe ya kwatzi, na ilizidi mita 20 kwenda juu, mfululizo wa minara baada ya minara, ili kupata asidi ya takriban asilimia 30. Anayelitazama tanuru peke yake hawezi kuiona gharama hii, na nadhani ndiyo iliyowazidi nguvu wengi walioiga mbinu hii penginepo.

Asidi ilimwagwa juu ya mawe ya chokaa ikawa nitrati ya kalsiamu, mbolea yenye naitrojeni karibu asilimia 13, iliyouzwa kwa jina la shura ya Norway. Joto la gesi halikupotea lote: lilichemsha maji, na mvuke wake ukatumika kukausha mbolea.

Maji yaliyofunika kasoro

Uzalishaji ulianza Notodden mwaka 1905, na Norsk Hydro ikaundwa Desemba mwaka huo huo kwa mitaji ya Sweden na Ufaransa. Miaka 6 baadaye kituo cha umeme cha Vemork, karibu na Rjukan, kilizinduliwa kikiwa na megawati 108, kikubwa kuliko vyote duniani wakati huo, na kazi yake kuu ilikuwa kulisha tao. Sehemu hizo mbili leo ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Umeme uliohitajika ulikuwa takriban megawati-saa 15 kwa kila tani ya asidi. Leo bei hiyo ingeangusha mradi kwenye karatasi ya kwanza. Lakini Norway ya 1905 ilikuwa na maporomoko makubwa kwenye mabonde yasiyo na viwanda, na kusafirisha umeme mbali kulikuwa kugumu na ghali. Umeme wa Rjukan usingetumika Rjukan, usingekuwa na mnunuzi. Mali ghafi nyingine zilikuwa hewa, maji na chokaa. Katika hali hiyo, ufanisi wa asilimia 3 haukuuma. Na kwa kuwa haukuuma, haukuulizwa maswali magumu. Juhudi zilikwenda kwenye kukuza tanuru, kuongeza idadi yake na kujenga minara, na kwa kila kipimo cha uhandisi walifaulu.

Wajerumani wa BASF walikuwa na tao lao wenyewe, lililobuniwa na Otto Schönherr: tao refu la mita kadhaa ndani ya bomba la chuma, likishikiliwa katikati na hewa inayozunguka. Walishirikiana na Norsk Hydro kwa muda, kisha wakajitoa mwaka 1911. Tayari walikuwa wameona kitu kingine. Fritz Haber alikuwa ameonyesha mwaka 1909 kwamba naitrojeni na hidrojeni huungana kuwa amonia kwa shinikizo kubwa juu ya kichocheo, na mwaka 1913 kiwanda cha kwanza cha BASF kilianza kazi Oppau. Njia hiyo ilihitaji sehemu ndogo tu ya nishati ya tao, na haikufungwa kwenye bonde lenye maporomoko. Mwaka 1927 Norsk Hydro ilitia saini mapatano na IG Farben, muungano wa kampuni za kemikali za Ujerumani ambamo BASF ilikuwa imeingia, na kuanza kuhamia kwenye amonia. Umeme wa Vemork ukageuzwa kazi: badala ya kuwasha tao, ukawa unapasua maji kupata hidrojeni. Masalia ya kazi hiyo mpya, maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito, yaliyotafutwa kwa utafiti wa nyuklia), yaliipa Vemork umaarufu mwingine kabisa wakati wa vita.

Birkeland hakuuona mwisho huo. Alifariki Tokyo mwaka 1917. Alikuwa ameshajitenga na kiwanda siku nyingi na kurudi kwenye mianga yake, akitumia sehemu ya fedha za mbolea kujenga vyumba vikubwa zaidi vya kuigiza jua, sayari na pete. Alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel mara kadhaa, ya fizikia na ya kemia, bila kuipata.

Hesabu ambayo ingewaonya

Kupasha moli moja ya hewa hadi nyuzi 3,000 hivi kunahitaji karibu kilojuli 100. Kwenye joto hilo msawazo unakupa NO asilimia 5. Hata kama utaipoza ghafla bila kupoteza molekuli moja, umetumia kilojuli 100 kupata moli 0.05 za NO, yaani megajuli 2 kwa kila moli. Sasa chukua zile megawati-saa 15 kwa tani ya asidi, zigawe kwa idadi ya moli zilizomo kwenye tani, unapata kama megajuli 3.4 kwa moli. Nishati inayobaki kweli ndani ya NO ni megajuli 0.09 tu, na hapo ndipo inapotoka ile asilimia isiyofika 3.

Kwa maneno mengine, tanuru la Birkeland lilikuwa limeshafika karibu na ukuta wake. Tao bora kuliko lake, sumaku kali zaidi, elektrodi za madini ghali, vyote pamoja visingeishusha bei chini ya megajuli 2 kwa moli, isipokuwa joto lenyewe lirudishwe na kutumika tena. Mbinu ya Haber na Bosch, kwa viwango vya mitambo ya leo, inatumia karibu megajuli 0.5. Mashine haikuwa mbaya. Iliyokuwa ghali ni njia ya kuipasha hewa yote ili kupata asilimia chache.

Ndiyo maana nakiona kisa hiki kuwa kipimo kizuri kwa matumizi yoyote ya plazma ya umeme: je, unalitumia joto lake au unautumia usawa wake uliovunjika? Kwenye mtoko baridi, elektroni zina nishati ya elektronivolti 1 hadi 10, ambazo ni makumi ya maelfu ya nyuzi, huku gesi yenyewe ikibaki karibu na joto la chumba. Werner von Siemens alijenga mrija wa namna hiyo mwaka 1857. Aliweka kioo kati ya elektrodi, na kioo kikazuia mkondo usikue kuwa tao. Mtoko unakatika vipande vipande kama nyuzi nyembamba zinazodumu nanosekunde chache. Mrija huo unatengeneza ozoni, na wazo lake bado linatumika kwenye mitambo ya kusafisha maji kote duniani. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza mwaka 1906. Hakuna aliyeushinda kwa tanuru wala kwa kichocheo, kwa sababu ozoni inavunjwa na joto. Pale elektroni moto ndani ya gesi baridi ndiyo njia ya vitendo. Kwa upande mwingine, fundi wa kuchomelea vyuma anataka joto lenyewe, na tao linampa joto bila deni. NO inakaa vibaya katikati: inaweza kutengenezwa kwa joto, kwa hiyo tao linafanya kazi, lakini joto si njia ya bei nafuu.

Mnyororo wa Zeldovich, hata hivyo, una mlango wa pembeni. Hatua yake ngumu, ile ya atomi ya oksijeni kuinyakua naitrojeni, inaweza kusaidiwa ikiwa molekuli ya naitrojeni tayari inatetemeka kwa nguvu. Elektroni zenye nishati ya karibu elektronivolti 1 ni hodari sana wa kuitetemesha naitrojeni bila kuipasha gesi nzima. Kinadharia njia hiyo inashusha bei hadi megajuli 0.2 kwa moli, chini ya Haber na Bosch. Mwaka 1980 watafiti wa Kisovyeti waliripoti megajuli 0.3 kwa plazma ya mikrowevu kwenye shinikizo dogo. Bei hiyo haikuhesabu umeme wa pampu za kunyonya hewa wala wa kupoza, na bado haijarudiwa.

Kikwazo ni mgongano. Kwenye shinikizo la kawaida la hewa, molekuli inayotetemeka inagongwa mara mabilioni kila sekunde na mtetemo wake unageuka joto, gesi inapashika, na joto likipanda mtetemo unapotea haraka zaidi. Unaanza na plazma ya mtetemo, unamaliza na tao la Birkeland. Ukikimbilia mrija wa Siemens ili gesi ibaki baridi, elektroni zake zina nishati nyingi mno kwa kazi hii. Zinatumia nguvu zao kwenye mambo mengine, na NO inakugharimu megajuli kumi na zaidi kwa moli.

Maabara nyingi sasa zinatumia tao linaloteleza au kuzungushwa na hewa, na zenyewe zinakiri kwamba gesi ndani yake ina nyuzi maelfu. Matokeo mengi ya shinikizo la kawaida yako kati ya megajuli 2 na 3 kwa moli, machache yakishuka chini kidogo ya 2. Ukiitazama ile hesabu ya kilojuli 100 hutashangaa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, tao dogo la maabara linakutana na ukuta ule ule.

Kilichobadilika kweli ni kipimo cha pili. Baadhi ya mitambo hiyo inatoa NO na NO₂ kwa asilimia 5 au zaidi, dhidi ya 1 hadi 2 za Rjukan, na kwa kanuni ya mraba hilo linafupisha minara mara nyingi. Kupoza ghafla mara tu baada ya tao, na kurudisha joto kwenye hewa inayoingia, ndizo kazi mbili ambazo Birkeland alizigusa kijuujuu na ambazo leo zinaweza kupimwa kwa umakini. Zikifanikiwa pamoja, mtambo mdogo unaowashwa jua likiwaka na kuzimwa likizama unaweza kuwa na maana, kwa kuwa tao huwaka na kuzimika kwa sekunde ilhali kinu cha amonia cha shinikizo kubwa hakipendi kusimama. Kwa sasa ningesoma ripoti yoyote ya aina hii nikitafuta namba tatu zikiwa pamoja: megajuli kwa moli, asilimia ya NO kwenye gesi, na umeme wote uliotumika, pampu na vipozeo vikiwemo.